Kwa Urefu wa Salamu Maria Moja

Jumamosi iliyopita tulimzika Geradina huko Kishanda, na mume wangu alilia kuliko nilivyopenda. Nalisema hili mapema ili anayesoma ajue ameshika kumbukumbu za mwanamke wa namna gani. Nina wajukuu watano, meno yaliyobaki naweza kuyataja moja moja kwa majina, na bado naweza kumwonea wivu mtu aliyelala ndani ya jeneza. Tulikuwa tumekaa sebuleni kwa marehemu, nyasi zimetandazwa sakafuni kama ilivyo desturi yetu, wanawake upande huu, wanaume upande ule, kahawa ya kutafuna inazungushwa katika kikapu kidogo. Nyuma yangu mwanamke mmoja akamuuliza mwenzake kwa Kihaya, yule mzee anayelia namna ile ni nani wa marehemu? Mwenzake akajibu kwamba ni mgonjwa wake wa zamani. Nilitafuna kahawa yangu pamoja na maganda yake, nikatazama mbele. Miaka thelathini na zaidi nimempikia, nimemzalia, nimemfulia, na kumbe huko Kishanda huyu bwana bado ni mgonjwa wa Geradina.

Mwaka nilipomjua Geradina nilikuwa na miaka ishirini na minne. Novatus, mume wangu, alikuwa fundi wa kuezeka, na sifa yake ilianzia kwetu Buganguzi, huko Muleba, ikafika mjini Bukoba, ambako ndiko alikoanguka kutoka juu ya paa na kuvunjika paja mara mbili. Wakati ule mguu ulitundikwa kwa kamba, kamba ikapita kwenye kigurudumu, na mwisho wake ukaning'inizwa mfuko wa mchanga, mtu akalala chali akitazama dari. Fundi wa paa kutazama dari mchana kutwa, fikiria mwenyewe. Kidonda kikaingia usaha, mfupa ukakataa kushika, wakaanza upya. Alikaa hospitali miezi saba. Mimi nilikuwa nyumbani na binti yetu Justa aliyekuwa bado ananyonya, na kibanja cha migomba na mibuni kisichojua kwamba mwenye nacho amelazwa, na mama mkwe ambaye magoti yake yalikuwa yameshakataa safari. Nilikwenda Jumamosi moja, nikaruka inayofuata. Nilifunga ndizi zilizomenywa katika majani ya mgomba, nikambeba Justa mgongoni, nikalala kwa shangazi yangu mtaa wa Nshambya, palepale mjini, na asubuhi yake nikaingia wodini. Na kila nilipoingia wodini, Geradina alikuwepo.

Alikuwa anamuuguza baba yake, mzee Felisiani, kitanda cha jirani. Sote tunajua shida ya mgonjwa asiye na mtu wake wa kukaa naye: uji nani amletee, shuka nani amfulie, na mambo mengine ya siri nani amsaidie. Geradina aliyachukua yote hayo bila kuombwa na mtu. Mara ya kwanza nilimshukuru kwa moyo mmoja, nikampa nusu ya ndizi zangu. Mara ya tatu shukrani zilikuwa zimeshapungua. Mara ya tano nilimsalimia kwa kidevu. Hakuwa mzuri wa kupindukia, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu mwanamke mzuri ungejua la kumlaumu. Alikuwa mrefu, ana mikono mikubwa, mtulivu, hajaolewa, na alimwita mume wangu Nova. Mimi mwenyewe nilimwita Baba Justa. Siku moja akanichukua pembeni, kwa upole kabisa, akaniambia nisilete maharage ya jioni maana Nova tumbo linamjaa gesi. Nilikuwa nimempikia Nova huyohuyo maharage ya jioni miaka mitatu na hajawahi kuniambia neno. Nilisema asante dada. Roho iliniuma mpaka Nshambya, na usiku ule shangazi aliniuliza mara mbili kama mtoto ananyonya vizuri, kwa jinsi nilivyokuwa nimenuna.

Siku ya kuruhusiwa sikumkuta. Mzee Felisiani alisema binti yake ametoka tangu alfajiri kwenda sokoni, na nikaona ni heri. Nilimpandisha mume wangu garini, nikamfunga blanketi miguuni, nikarudi naye Muleba kama mtu aliyeshinda kesi. Nyumbani mama mkwe alikuwa ametandaza nyasi mpya, majirani wameleta rubisi, pombe yetu ya ndizi, kitanda kimewekwa sebuleni karibu na dirisha ili aione mibuni yake. Walikunywa, wakaimba, wakamshika mkono mmoja mmoja. Mimi nilikaa jikoni namenya ndizi na kucheka peke yangu. Nilisema sasa amerudi kwenye mikono yangu.

Kumbe mikono yangu hakuitaka. Asubuhi ya kwanza nilipeleka maji ya moto na kitambaa, nikafunga mlango, nikakunja mikono ya gauni. Akasema, weka maji hapo, uende. Nilidhani ananitania, nikasogea. Akarudia, Mama Justa, weka maji, uende. Nikasimama nyuma ya mlango ule nasikia anavyohangaika na beseni, anavyoguna, kata inavyoanguka, na sikuruhusiwa kuingia kuiokota. Miezi saba mwanamke wa watu amemgeuza na kumwosha, leo mimi niliyefunga naye ndoa naambiwa niache maji na kuondoka kama mhudumu wa nyumba ya wageni. Mchana alikaa kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, na kila nilichofanya kilikuwa na mwenzake wa Bukoba. Mto niliuweka chini ya kisigino, akasema Geradina alikuwa anauweka juu kidogo. Uji nilimpa, akasema ni mzuri, ila alizoea uliopoa. Nilimuuliza habari za goti, maana sikuliona likikunjika hata kidogo, akasema litapona lenyewe. Jioni moja nikiwa uani nilimsikia mama mkwe akizungumza naye ndani kwa sauti ya chini. Alimuuliza mbona mguu haukunjiki. Novatus akasema utakunjika tu. Mama akasema, lakini yule binti wa Kishanda si ulisema alikuwa anaukunja? Novatus akamwomba aachane na habari hizo. Leo nikiyasikiliza tena maneno yale kichwani naona yalikuwa yote yanahusu goti. Siku ile masikio yangu yaliokota maneno matatu tu, binti wa Kishanda, na nikayabeba wiki nzima.

Halafu mvua za Novemba zikaja na senene, wale panzi wa msimu. Kwa asiyetoka kwetu nieleze kidogo. Senene kwa Mhaya si chakula tu. Zamani wanawake ndio waliowakamata, wakawanyonyoa mbawa na miguu, wakawakaanga, lakini hawakuwala, kwa sababu wazee walisema mwanamke akila senene atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama wao. Walikuwa wa mume. Mke alimwandalia mumewe senene wa kwanza wa msimu, wakafungwa vizuri katika jani la mgomba lililobabuliwa motoni, na mume naye akajua kwamba anadaiwa kitenge. Mimi mwaka ule sikupata nafasi ya kukamata hata mmoja. Basi Jumapili moja baada ya misa mama mmoja anayetoka upande wa Kishanda, mchuuzi wa vyungu, akanifuata nje ya kanisa, akanipa kifurushi cha jani kilichofungwa kwa ustadi ambao mimi sinao. Akasema kimetoka kwa Geradina, kwa ajili ya Nova. Akasema na ujumbe pia upo: anauliza kama goti linakunjwa asubuhi na jioni kama ilivyokuwa wodini, na kama halikunjwi, niende Kishanda upesi ana jambo la kuniambia.

Sasa jiweke mahali pangu. Mwanamke asiyeolewa anamtumia mume wangu senene wa kwanza wa msimu, mbele ya kanisa, mbele ya mama mwenye mdomo mkubwa kuliko vyungu vyake. Damu ilinipanda. Nilimshukuru, nikatembea mpaka nyumbani, nikapita moja kwa moja jikoni, nikafungua lile jani, nikawala. Niliwala wote. Kwanza niliwala kwa hasira, kiganja kwa kiganja, halafu, nisidanganye, nikawala kwa sababu walikuwa watamu, wamekaushwa vizuri, wana chumvi na kitunguu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Jani nikalitia motoni. Ujumbe nao nikaumeza pamoja na senene, sikumwambia Novatus wala mama yake. Nilijua ninachofanya. Nilisikia neno goti, nilisikia neno upesi, na nikaamua kwamba huo ni ujanja wa kutafuta njia ya kuingia nyumbani kwangu. Wiki nzima nilichokuwa naogopa ni kupata mimba ya mtoto mwenye kichwa cha senene, ingawa kwa jinsi tulivyokuwa tunalala wakati ule, mimba ingetoka wapi.

Januari tulirudi Bukoba kwa uchunguzi. Mtaalamu wa mazoezi, bwana mfupi mwenye sauti ya mwalimu, alimkalisha Novatus ukingoni mwa kitanda, akaushika mguu, akaujaribu. Goti lilisogea kidogo sana, likagoma. Akauliza nani anamfanyisha mazoezi nyumbani. Novatus akatazama dirishani. Yule bwana akanigeukia, akasema walimfundisha yule dada miezi mingi, na wakamwagiza amfundishe mama wa nyumbani siku ya kuruhusiwa, sasa kulikoni? Akasema bila ukali wowote kwamba kovu la ndani linakaza kila siku, na kama hadi Pasaka goti halijakunjika vya kutosha, litabaki vilevile lilivyo. Akamuuliza kazi yake. Novatus akasema, kuezeka. Yule bwana akaandika kitu, na sote watatu tukaelewa kwamba hakuna mtu anayepanda ngazi na mguu ulionyooka.

Njiani kurudi hatukusemezana mpaka tulipokaribia Muleba. Hapo ndipo nilipomuuliza kwa nini hakuniambia kuna mazoezi. Akasema yanauma. Akasema kule wodini alikuwa analia kama mtoto, na Geradina alikuwa anamgombeza. Nikamuuliza, kwa hiyo? Akasema hakutaka nimwone. Nilipaswa kulainika siku ile. Badala yake nikawaza, kwa hiyo machozi yake anayo Geradina, na mimi nimepewa uso mkavu. Huo ndio wivu, ukishakukaa rohoni hata unachopewa kama zawadi unakiona kama umeibiwa.

Kesho yake nilimwachia mama mkwe mtoto na mgonjwa, nikaenda Kishanda. Nilikwenda kwa miguu, na njia nzima nilikuwa napanga maneno makali, nayapanga upya, nayatupa. Nilimkuta Geradina uani anaanika maharage. Baba yake alikuwa kwenye jua, mguu mmoja umekatwa chini ya goti, akanikaribisha kwa furaha na kumuuliza habari za Nova. Geradina alifuta mikono kwenye kanga, akanipeleka jikoni kwake, akaniwekea kigoda. Nilikuwa nimejiandaa kushambulia, lakini kitu cha kwanza kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa kingine kabisa.

"Senene wako niliwala mimi," nikamwambia. "Hakuonja hata mmoja. Na ujumbe sikuufikisha."

Alisogeza kuni motoni. Kisha akauliza, "Chumvi ilitosha?"

Nilisema ilitosha. Akacheka kidogo, nami nikacheka bila kupenda, ingawa hapakuwa na la kuchekesha. Nikamweleza aliyoyasema mtaalamu, habari ya Pasaka na ya ngazi. Geradina akakaa chini sakafuni, kwenye nyasi, akaanza kusema bila kunitazama. Akasema siku ile ya kuruhusiwa hakuwa na shida yoyote ya sokoni. Alikwenda kukaa ufukweni tangu alfajiri mpaka alipojua tumeshaondoka.

"Waliniambia nikufundishe, na nilitaka kukufundisha, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima. "Lakini nikaona nikikupa na hilo, sitabaki na kitu. Nilitaka anikumbuke."

Nikamuuliza kama anampenda mume wangu. Akasema ndiyo. Alilisema jinsi mtu anavyotaja ugonjwa wake kwa daktari. Akasema Nova hajui, na hakuna kilichofanyika, na nikitaka kuapishwa ataapa, lakini hataapa kwamba hampendi. Nimewahi kutukanwa sokoni, nimewahi kusemwa na mawifi, lakini hakuna maneno yaliyowahi kunichoma kama yale, maana yalikuwa ya kweli na yalisemwa kwa adabu. Nilitamani kumpiga. Nilitamani pia kutoka pale nikimbie nyumbani na kufunga mlango. Lakini niliona ngazi ya Novatus iliyokuwa imeegemea nyuma ya nyumba yetu tangu alipokwenda kuezeka Bukoba, buibui wameshajenga kati ya vidato. Nikamwambia, chukua kanga yako, twende.

Alikaa kwetu siku tatu, analala chumba kimoja na mama mkwe. Njia yake ilikuwa hivi. Kwanza kitambaa cha maji ya moto juu ya goti mpaka nyama zilegee. Kisha mgonjwa anakaa ukingoni mwa kitanda, mguu unaning'inia, unashika juu ya kifundo na kusukuma taratibu mpaka pale anapopiga kelele, na hapo huachii. Unashikilia. Wodini hakukuwa na saa karibu, basi Geradina alipima kwa sala. Alishikilia kwa urefu wa Salamu Maria moja, akaachia, akaanza nyingine, mpaka zikatimia kumi. Hapo ndipo aibu yangu ilipoanza, maana mimi nililelewa Kilutheri. Niliingia kwa Wakatoliki kwa sababu ya ndoa, na Salamu Maria niliijua kwa ajili ya kufaulu mafundisho tu. Siku ya kwanza tulijizoeza kwenye goti la mama mkwe, mimi nikisali, na Geradina akatikisa kichwa. Akasema, "Unaisali kama unafukuzwa. Goti halitapata nafasi." Nikaambiwa nirudie, polepole, neno kwa neno. Nilijifunza kusali dini ya mume wangu kutoka kwa mwanamke anayempenda mume wangu, huku mama mkwe akitusahihisha sote wawili. Mungu naye ana utani wake.

Siku ya pili aliingia kwa Novatus, nami nikasimama ukutani kutazama. Novatus alipoona beseni na kitambaa uso ulimbadilika. Geradina akalikanda goti, akashika mguu, akaanza. Kabla Salamu ya kwanza haijafika katikati jasho lilikuwa linamtiririka Novatus, na akasema kwa meno yaliyobana, "Mama Justa atoke nje."

Miguu yangu ilishaanza kutembea. Nilikuwa nimezoea kutolewa. Lakini Geradina aliuachia mguu, akasimama, akanishika mkono, akanikalisha pale alipokuwa amekaa yeye.

"Huyu habanduki," akamwambia. "Anayetoka ni mimi."

Akatoka, akafunga mlango taratibu, nikasikia hatua zake zikielekea kwenye migomba. Tukabaki wawili. Nilishika juu ya kifundo, nikasukuma, nikaanza kusali. Aligeuzia uso ukutani. Nilisali kwa mwendo niliofundishwa, sikuharakisha hata neno moja, na mabega yake yakaanza kutikisika. Ya tatu akalia kwa sauti. Ya tano akanitukana, na nikaendelea. Ya saba au ya nane akaacha ukuta, akageuka, akaegemeza kichwa tumboni mwangu akiwa analia, kamasi zote kwenye gauni langu, na mimi nikalia huku nashikilia, nalia na kusali, sijui niliruka maneno gani. Tulipomaliza kumi nilimwosha mwili mzima. Hakuniambia niondoke.

Geradina aliondoka siku ya tatu. Nilimsindikiza mpaka njia panda na mkungu wa ndizi, akaubeba kichwani, akasema nisipunguze hata akinitukana vipi. Tulisukuma asubuhi na jioni, Januari, Februari, Kwaresima nzima. Wiki ya Pasaka Novatus alipanda vidato vitatu vya ngazi yake nyuma ya nyumba, mimi nimeishika chini, akakaa pale juu anatazama mibuni yake. Mwaka uliofuata aliezeka nyumba ya jirani, na mimi nikazaa msichana wa pili. Kichwa chake kilikuwa cha mviringo kabisa. Na kila msimu wa senene tangu hapo nilikamata, nikakaanga, nikafunga vifurushi viwili, kimoja cha mume wangu na kimoja cha Kishanda, na kile cha Kishanda niliandika juu yake jina la Geradina, si la baba yake. Hakuolewa. Hatukuwa marafiki, nisije nikaeleweka vibaya. Kila Novatus alipotaja jina lake nilisikia kitu kikijikunja hapa kifuani, na ninakisikia mpaka leo.

Jumamosi, baada ya padre kumaliza na wenye nguvu kufukia, watu walianza rozari pale kaburini. Novatus alisogea mbele na fimbo yake, akaiweka pembeni, na akapiga magoti yote mawili kwenye udongo mbichi. Goti lile lilikunjika mpaka mwisho, kama la mtoto. Alilia mbele ya Kishanda nzima, hakujificha kwa mtu. Nilisimama nyuma yake, mkono wangu karibu na bega lake, na wivu umenikaba kama nina miaka ishirini na minne. Akaunyoosha mkono nyuma bila kutazama, akinitafuta nimwinue. Sikuushika mara moja. Nilimwacha pale kwa urefu wa Salamu Maria moja, ya mwendo wa Geradina, neno kwa neno. Hiyo moja nilimwachia marehemu. Halafu nikamshika mume wangu mkono, nikamwambia, inuka, twende nyumbani.